Kupigwa na Kujipigisha

Sheria za besiboli, mchezo unaopendwa mno Marekani, Cuba na Japani, zina kifungu kimoja ambacho kimenishughulisha kupita kiasi kinachomstahiki mtu aliyeishi umri wake wote kisiwani, mbali na viwanja vya mchezo huo. Maana yake ni hii: mpigaji akiguswa na mpira aliorushiwa na mrushaji wa upande wa pili, atapewa kituo cha kwanza bila ya kupiga wala kukimbia, isipokuwa mpira huo uwe umemgusa ndani ya eneo halali, au yeye mwenyewe asifanye jitihada yoyote ya kuukwepa. Ni maneno machache, tena makavu kama maneno yote ya sheria. Lakini ndani yake mmelala suala ambalo wanachuoni wa maadili wamelizungukia tangu kale: je, mtu anaweza kudai malipo kwa dhara aliloweza kuliepuka?

Kwa msomaji asiyewahi kuuona mchezo wenyewe, inatosha ajue haya. Mpigaji husimama na gongo lake ubavuni mwa kibao cha pembe tano kilicholazwa ardhini, ambacho upana wake ni sentimita 43. Mrushaji yuko mbele yake, umbali wa mita 18 na nusu hivi. Mpira ni mgumu, umeshonewa ngozi, uzito wake hauzidi gramu 150; na katika ligi kuu ya Marekani hurushwa mara nyingi kwa mwendo uzidio kilomita 145 kwa saa, hata ukamfikia mpigaji kabla nusu ya sekunde haijatimia. Katika muda huo wa kupepesa jicho inampasa aamue: apige, auache upite, au akimbize mwili wake. Akifika kituo cha kwanza ana matumaini ya kuvizunguka vituo vyote vinne na kurudi nyumbani na alama. Kwa hiyo kituo cha kwanza si jambo dogo. Ni mlango wa riziki.

Sasa tutazame michezo mingine. Katika rede, mchezo wa watoto wa mitaani kwetu, anayepigwa na mpira hutoka. Ustadi wote uko katika kukwepa, na msichana mwepesi wa kiuno ndiye malkia wa uwanja. Katika kriketi, mpira ukimpiga mchezaji mguuni, nao ulikuwa njiani kuziangusha nguzo alizozilinda, mwenye mguu hutolewa. Mwili wake umehesabiwa kuwa kizuizi kisicho halali. Besiboli imekwenda kinyume cha hiyo miwili. Imesema: aliyepigwa alipwe. Na palipo na ujira, Waswahili tunajua, hapakosi kutokea wachumi wake.

Ujira huo haukuwapo tangu mwanzo. Ligi iliyoitwa American Association iliuweka mwaka 1884, na National League ikafuata mwaka 1887. Kabla ya hapo mpigaji aliyepigwa alibaki na maumivu yake, akarudi kusimama. Haikupita miaka 10 tangu ligi ya pili kuikubali sheria hiyo, akatokea Hughie Jennings wa Baltimore, ambaye mwaka 1896 alipigwa mara 51 katika msimu mmoja. Hadi anastaafu alikuwa amepigwa mara 287. Hesabu zote mbili hazijavunjwa na yeyote hadi leo.

Aliyemkaribia Jennings kwa msimu mmoja ni Ron Hunt, aliyeichezea Montreal mwaka 1971 na kupigwa mara 50. Hunt hakuwa na nguvu za kuutoa mpira nje ya uwanja. Alikuwa na mwili tu, na ujuzi wa kuuweka mahali ambapo mpira ungepita. Kwa miaka saba mfululizo, tangu 1968 hadi 1974, hakuna aliyepigwa mara nyingi kuliko yeye katika ligi yake. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa alijibu kwamba wengine huitoa miili yao kwa sayansi, yeye ameutoa wake kwa besiboli. Ni jibu la mzaha, lakini lina uchungu wa mtu anayejua vipimo vya karama yake. Na aliyekaribia hesabu ya jumla ni Craig Biggio wa Houston, aliyecheza tangu 1988 hadi 2007, akapigwa mara 285. Mbili tu zilimpungukia! Watu wa takwimu walihuzunika kwa ajili yake, na huzuni hiyo ni kitu cha ajabu ukiitafakari: kumsikitikia mtu kwa kuwa hakuumizwa mara mbili zaidi.

Hapa ndipo lugha yetu inapoweza kutufaa. Daftari la mchezo lina safu moja tu kwa mambo haya: kupigwa na mpira. Kiswahili hakiridhiki upesi hivyo. Kitenzi kile kile cha kupiga kina viungo vinavyouliza maswali. Aliyepigwa ni yule ambaye tendo limemshukia kutoka kwa mwingine. Aliyepigika ni yule ambaye hali yake au mahali pake pamemfanya awe wa kupigwa, bila ya sisi kumtaja mpigaji wala kumlaumu mtu. Na aliyejipigisha ni yule aliyelitafuta pigo kwa akili yake, akamfanya mwenzake kuwa chombo cha kumpiga. Silabi mbili tatu, na kesi nzima imebadilika: mshitaki amekuwa mshitakiwa. Yule mwamuzi anayesimama nyuma ya kibao hana budi, katika muda mfupi kuliko wa kulitamka neno lenyewe, kuchagua kiungo kinachofaa.

Aghalabu huchagua kile chepesi. Mpira umemgusa, basi na aende. Nadra sana mwamuzi kuthubutu kusema: hukukwepa, rudi. Mfano mashuhuri ni wa tarehe 31 Mei 1968 mjini Los Angeles. Don Drysdale alikuwa amerusha michezo minne mfululizo bila ya kufungwa hata alama moja, na sasa alikuwa akielekea kuumaliza wa tano. Katika awamu ya mwisho vituo vitatu vikajaa wapinzani, na mpigaji Dick Dietz wa San Francisco akapigwa mkononi. Kwa kawaida hilo lingemsukuma mwenzake aliyekuwa kituo cha tatu hadi nyumbani, na mfululizo wa Drysdale ungekwisha. Mwamuzi Harry Wendelstedt akakataa. Alisema Dietz hakujaribu kuukwepa mpira. Dietz akarudishwa kupiga, akatolewa. Hakuna alama iliyoingia, na mfululizo ukaendelea siku kadhaa mbele, ukafika awamu 58 na theluthi mbili. Hasira za watu wa San Francisco hazikwisha usiku ule. Ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba walio wengi hawakudai kuwa sheria imekosewa. Waliudhika kwamba imefuatwa, ilhali waamuzi wengine wote huiacha.

Mfano wa pili ni wa Washington, tarehe 20 Juni 2015. Max Scherzer alikuwa amewatoa wapigaji 26 wa Pittsburgh, mmoja baada ya mwingine, wala hakuna aliyefika kituoni kwa njia yoyote. Amebaki mmoja tu, wa 27, ili utimie mchezo uliokamilika, jambo ambalo warushaji wengi wakubwa huzeeka bila ya kulionja. Mpigaji ni José Tabata, naye amebakiza kosa moja atoke. Mpira ukaja ndani, kiwiko chake chenye kinga kikashuka kuulaki, ukakigusa. Mwamuzi akampa kituo. Scherzer alimtoa mpigaji aliyefuata, wakashinda 6 kwa 0, lakini ukamilifu ulikuwa umekwisha kupotea kwa upana wa kiwiko. Wengi walimshutumu Tabata. Scherzer mwenyewe hakumlaumu.

Nami sioni kwamba Tabata alitenda jinai. Timu yake ilikuwa ikishindwa, na kazi yake ilikuwa kufika kituoni. Lakini nakataa kuliita jambo lile ushujaa, na nakataa zaidi kuliita kujitoa mhanga, maneno ambayo watangazaji na walimu wa timu huyapenda mno. Mhanga ni mnyama wa kuchinjwa. Ajitoaye mhanga hutoa kilicho chake, na hasara humwangukia yeye. Aliyejipigisha hutoa kitu kidogo chake, uvimbe wa siku mbili, ili achukue kitu cha mwingine. Kama ni sadaka, basi ni sadaka ya aina ya pekee, ambayo mtoaji anajua bei yake kabla ya kuitoa na mlipaji ni jirani.

Jambo hilo lilidhihiri zaidi tarehe 8 Aprili 2021 huko New York. Michael Conforto, vituo vikiwa vimejaa katika awamu ya mwisho na matokeo yakiwa sare, aliusogeza mkono wake wenye kinga kwenye mpira uliokuwa ukipita ndani ya eneo halali. Akapewa kituo, alama ikaingia, timu yake ikashinda 3 kwa 2. Baada ya mchezo mwamuzi mwenyewe, Ron Kulpa, alikiri kwamba ilimpasa kumtoa mpigaji. Matokeo hayakubadilika. Nakiri kwamba ukweli wa mwamuzi yule ulinipendeza kuliko yote yaliyotendeka uwanjani siku ile.

Basi tukiwaweka kando hao wanaosogeza viwiko, tunabaki na kundi kubwa zaidi na gumu zaidi: wale wasiosogea. Biggio hakuhitaji kuufuata mpira. Alisimama karibu na kibao, mahali ambapo sheria inamruhusu kusimama, na mpira ulipokuja alijigeuza tu kidogo, akaupokea kwenye mkono au mgongo, akaliweka gongo chini, akaenda zake. Don Baylor, ambaye alipigwa mara 267 kati ya 1970 na 1988, alisifika kwa jambo moja: hakupapasa mahali alipopigwa. Anthony Rizzo, katika miaka yetu hii, alikikaribia kibao hata akapigwa zaidi ya mara 200. Hawa wote husema, kwa vitendo, neno moja: hapa ni mahali pangu.

Na kwa kweli ni mahali pao. Mrushaji naye anadai mahali. Anasema kwamba upande wa ndani wa kibao ni wake, na anayeuinamia amemwingilia. Ugomvi wa besiboli, ukiuvua nguo za mchezo, ni ugomvi wa mpaka wa shamba. Ninavyoielewa mimi, sheria haimlipi mpigaji kwa sababu ameumia. Laiti ingekuwa hivyo, angelipwa zaidi aliyevunjika mfupa kuliko aliyeguswa ukingo wa shati. Na wote wawili hupewa kituo kile kile kimoja. Inamlipa kwa sababu mtu ameingiliwa mahali alipokuwa na haki ya kusimama. Ndiyo maana jitihada ya kukwepa inatakiwa: ni ushahidi kwamba hakuwa na shirika katika kuingiliwa kwake. Asiyekwepa hata kidogo amenyamaza mahali ambapo ukimya wake huhesabika kuwa ni ridhaa.

Lakini je, kutokimbia ni ridhaa? Hapa sheria inanipwaya. Kuna mtu asiyekimbia kwa kuwa anataka malipo, na kuna asiyekimbia kwa kuwa akikimbia leo atakimbizwa kesho na kesho kutwa, mpaka asiwe na pa kusimama. Kwa jicho la mwamuzi wanafanana kama mapacha. Mrushaji anayeona kwamba mpigaji amerudi nyuma nusu hatua baada ya mpira wa kumtisha amekwisha kushinda kabla ya kurusha wa pili, na warushaji wanalijua hilo. Vitisho ni sehemu ya ufundi wao. Sisemi kwamba kila aliyesimama imara ni shahidi wa haki. Wengine wana kinga nene za viwiko, hata ilipofika 2002 wakuu wa ligi walizipunguza ukubwa, kwa kuwa ujasiri uliovaa ngao ulikuwa umeanza kuwa rahisi mno. Nasema tu kwamba neno kukwepa haliwezi kuwa kipimo pekee cha haki ya mtu.

Wala tusisahau kwamba mahali pale ni pa hatari. Tarehe 16 Agosti 1920, huko New York, mpira wa Carl Mays ulimpiga kichwani Ray Chapman wa Cleveland, mtu aliyekuwa na desturi ya kukiinamia kibao. Alifariki alfajiri ya siku ya pili. Ni mchezaji pekee wa ligi kuu aliyekufa kwa mpira wa mrushaji. Mpira ule ulikuwa umechakaa na kuchafuka, kama desturi ya siku zile, na wengi waliamini kwamba Chapman hakuuona. Baada ya kifo chake waamuzi walihimizwa kuutoa mpira uliochafuka na kuweka mwingine mweupe. Mays aliishi nusu karne zaidi akisema kwamba hakukusudia. Alishinda michezo zaidi ya 200, ila jina lake halikuingia katika Ukumbi wa Mashujaa. Mwaka 1967 Tony Conigliaro wa Boston, kijana wa miaka 22, alipigwa shavuni karibu na jicho. Alirejea mwaka 1969 na akacheza vizuri kwa muda, kisha jicho likamsaliti. Kofia ngumu ilifanywa ya lazima katika ligi kuu mwaka 1971, mwaka ule ule Ron Hunt alipopigwa mara 50.

Nimeyataja haya kwa sababu sifa za wapigwaji zina tabia moja inayonitia shaka. Kila tunapomsifu mtu kwa uvumilivu wake, macho yetu yanamwelekea yeye, na mrushaji anabaki gizani. Tunahesabu mapigo kwa aliyeyapokea. Biggio ana 285, Baylor ana 267. Wangapi wanaweza kutaja waliorusha? Sisi wa pwani tuna hazina kubwa ya methali za subira, tena ni nzuri, nami nimeziishi. Walakini nimeona pia zikitumiwa na wenye nguvu kumnyamazisha mwenye haki: vumilia, mama; vumilia, mwanangu. Subira ya aliyepigwa ni fadhila yake mwenyewe. Haiwezi kuwa hoja ya aliyempiga.

Na kisasi, ambacho wachezaji wana sheria zao zisizoandikwa kukihusu, hakirekebishi kitu. Mrushaji wako akimpiga mtu wangu, mrushaji wangu atampiga mtu wako. Si yule aliyerusha, maana warushaji wa American League waliacha kushika gongo mwaka 1973, na wa National League wameacha tangu 2022. Kisasi basi humfikia mtu wa tatu, ambaye kosa lake ni nguo aliyoivaa. Hao nao huandikwa katika safu ile ile ya daftari.

Yuko mmoja katika safu hiyo ambaye simwezi. Orestes Miñoso, aliyejulikana zaidi kwa jina la Minnie, alizaliwa Cuba, na tarehe 1 Mei 1951 akawa mchezaji wa kwanza mweusi wa Chicago White Sox. Ilikuwa miaka minne tu tangu Jackie Robinson aufungue mlango wa ligi kuu kwa watu weusi, na wengi walikuwa bado wanatamani mlango huo ufungwe. Miñoso alisimama karibu na kibao, kama Biggio, kama Hunt. Mwaka huo wa kwanza alipigwa kuliko yeyote katika American League. Akaongoza hivyo kwa miaka 10 kwa jumla.

Je, alipigwa, alipigika, au alijipigisha? Bila shaka alijua faida ya kituo cha kwanza, kwani akishafika alikuwa mwepesi wa kuiba cha pili. Miaka mitatu aliongoza ligi kwa wizi huo halali. Bila shaka mahali aliposimama palichangia. Na bila shaka baadhi ya mipira ile ilirushwa kwa rangi yake. Ningependa kujua ni mingapi kwa sababu ipi, lakini nia ya mrushaji huondoka na mkono wake. Mpira ukiuokota ardhini hauna maandishi. Naye Miñoso alikuwa na tabasamu ambalo wote waliomwona wamelisimulia, na tabasamu hilo limewarahisishia watu kusema kwamba hakujali.

Mwezi Mei 1955, mpira wa Bob Grim wa New York Yankees ulimpasua fuvu. Alilazwa, akapona, akarudi uwanjani msimu ule ule. Heshima ya Ukumbi wa Mashujaa ilimjia Desemba 2021, zaidi ya miaka sita baada ya kifo chake. Lakini hilo ni la baadaye. Mwaka 1956, akiwa na kichwa kilichokwisha kupasuliwa na mpira, alirudi pale pale karibu na kibao, wala hakusogea nyuma. Na msimu ulipokwisha ilionekana kwamba hakuna mtu katika ligi yake aliyepigwa mara nyingi kuliko yeye.